Uboho wa Ndugu wa Tumbo Moja

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. U hali gani huko? Tangu tumzike mama tukakosana mlangoni, miaka sita, sijakuandikia. Kiburi kibaya.

Mimi si mzima. Hata kukanyaga cherehani kulinishinda. Nikijichoma sindano damu haikomi, na mafua ya siku mbili yalinilaza wiki tatu. Nikadhani nina maradhi matatu. Daktari akasema, "Mama, ugonjwa ni mmoja," akanichorea mfupa. Ndani mna uboho, na humo zimo chembe mama zinazozaa chembe zote za damu: nyekundu za kubeba hewa, nyeupe za kupigana na maradhi, na zile ndogo za kuziba jeraha. Tumbo moja, tabia mbalimbali. Kwangu uzazi huo umekatika.

Ili nipone, zinahitajika chembe mama za ndugu wa baba na mama mmoja, nipandikizwe. Sina mwingine ila wewe. Ukikataa, sitakulaumu.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako niliianza nimesimama kiwandani, nikaimaliza nimekaa sakafuni.

Nimekumbuka chumba cha kushonea. Mimi chini ya meza naokota vifungo, wewe juu unaimba vibaya makusudi ili nicheke. Mama akiwa kazini, ni wewe uliyenivisha, ukanifunga kamba za viatu, ukamfukuza kwa ufagio yule jirani aliyeniita Kijiti. Halafu siku ile ya maziko, mlangoni, uliponisihi nisiondoke tena, nikakujibu kwamba wewe si mama yangu. Nisamehe, dada.

Nimepimwa. Tumelingana! Muuguzi akauliza, "Unaogopa sindano?" Nikamwambia, "Namwogopa dada yangu."

Nakuja Jumapili.

Mdogo wako

30 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Kiuno walipokutoboa kunitolea uboho kimepoa?

Uliporudi kazini nilikaa wiki nyingi chumba cha peke yangu, mdomo umejaa vidonda vya dawa kali, nawaza utoto wetu tu. Siku ya kumi na tisa tangu nitiwe uboho wako, muuguzi akaingia anapunga karatasi: chembe nyeupe zimeanza kuzaliwa. Zikafuata za kuziba jeraha, na nyekundu mwisho, kwa madaha yao.

Leo wamenipima kundi la damu. Mpimaji akadhani amekosea, akarudia. Nilizaliwa kundi O. Sasa ni A, kama wewe. Nililia, nikacheka, wakaniletea maji.

Nimeanza pia kula kupita kiasi. Nawaambia wote kwamba ni damu yako hiyo.

Dada yako