Kindege Katika Kabichi za Mzee Nassoro

Shume, Lushoto
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa kaka Martin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Korogwe, wewe na mafundi wenzako wa gereji. Sisi tupo, ila tumechoka. Mama anakusalimu, kiuno kinamsumbua tangu avune viazi bila baba. Mimi nakwenda shule, ingawa kila siku nafungua kitabu ukurasa uleule.

Najua umesikia kwa watu habari za kindege cha baba, na najua baba hapokei simu zako. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Jumamosi ile ya katikati ya Oktoba, baada ya siku tatu za ukungu, kulikucha kweupe. Baba alisema miaka sita ya kuunganisha mbao na turubai inatosha, leo anaruka. Alikikimbiza kwenye barabara ya vumbi ya msituni, na kikapaa, kaka. Kikapita juu ya misonobari. Mama alipiga kigelegele, kisha akaanza kuomba. Ile injini ya gari kuukuu uliyoifunga wewe iliunguruma vizuri, halafu ikakohoa mara mbili, ikazima. Tukabaki tukisikia mbuzi wa jirani tu. Baba alikigeuza polepole kuelekea mahali pekee pasipo na miti, shamba la kabichi la Mzee Nassoro. Kikashuka, kikafyeka matuta manne, kikalala ubavu.

Mzee Nassoro alifika wa kwanza. Alimtoa baba taratibu, na alipoona anapumua akasema miaka yote amefukuza nguruwe pori na nyani, ila mzee wa kanisa anayeshuka kutoka angani hajui amfukuze kwa lugha gani. Baba alicheka huku analia. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika.

Kicheko kiliishia hapo. Tangu arudi kutoka hospitali anasema ni kazi ya mikono yako iliyomwangusha. Juzi, mbele ya baba mdogo, alisema usije Krismasi, na kwamba mtoto anayetaka kumzika baba yake asilete spana nyumbani kwake. Mama alimwambia maneno hayo ni makali. Baba akajibu kuwa maumivu ya bega ni makali zaidi.

Kaka, injini yako haina kosa. Baba alinituma petroli kwa dumu. Dumu lilikuwa na vumbi, nawe unajua mama alivyotulea: chombo hakitiwi kitu kabla ya kusuuzwa. Nikalisuuza bombani, nikaliinamisha ukutani likauke. Lakini katika ukungu ule hata soksi hazikauki. Nikaenda kutiliwa petroli bila kutazama ndani. Siku ya tatu baada ya ajali nilikwenda peke yangu shambani kwa Mzee Nassoro, kindege kilipokuwa bado kimelala, nikakitazama kile kikombe cha kioo chini ya tangi kinachonasa uchafu wa petroli. Maji yalikuwa yametulia chini ya petroli, kama tulivyosoma darasani. Nikajua. Nikanyamaza karibu wiki tatu, nikimsikiliza akikulaumu.

Nisamehe. Nikitaka kusema, ulimi unakuwa mzito, ndiyo maana naandika. Miwani ya baba ilivunjika siku ile, na mimi ndiye ninayemsomea kila kitu, hata Biblia. Barua hii nitamsomea leo baada ya chakula, kuanzia shikamoo hadi jina langu, ndipo kesho niipeleke posta. Kwa hiyo ikikufikia, ujue ameshasikia.

Wasalimie wote gereji. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Eliza