Nilivyokwenda Berlin Kumchukua Baba Neema

Kensington,
Johannesburg

Dada yangu Restituta,

Nakuamkia kwa kupiga magoti kama mama alivyotufundisha, ingawa magoti yenyewe siku hizi yananigomea. Mguu wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa jirani yako akuletee, ilikufikia au alijichua yeye? Mimi mwili ni mzima. Ya moyoni ndiyo haya nakuandikia.

Kwenye simu uliniuliza kama nimeshavua nguo nyeusi, na narudi lini Morogoro. Nilikukatisha kwa sababu Neema alikuwa anapitapita sebuleni. Mwanangu huyu Kiswahili anakisikia chote, ila kukijibu ndiyo hataki. Ananijibu Kiingereza kama karani wa benki.

Unakumbuka Baba Neema alikwenda Berlin kuonana na wenzake aliosoma nao uchapaji ujanani, akaugua moyo, akafia hospitalini kulekule. Viza yangu ilitoka tumeshamzika. Maiti ilikuja peke yake kwenye sanduku, kama mzigo. Ndipo shemeji Mandla, mdogo wake, akasimama mbele ya ukoo akasema tumezika mwili mtupu. Kwao mtu akifia mbali lazima afuatwe na tawi la mti mmoja wa miiba, ndugu yake mkunazi wetu. Unaligusisha pale alipokata roho, unamwita kwa jina la ukoo kwa adabu, halafu unarudi naye ukimweleza njia nzima: sasa tunavuka mto, sasa tunapanda gari. Njiani huzungumzi na mtu mwingine ila yeye. Hilo lisipofanyika, mjane havui nyeusi wala haendi kwao.

Basi nikakaa kwenye nyeusi mwaka, na wa pili ukaingia. Mtoto wa Mandla akikosa kazi, wa kulaumiwa ni mimi. Gari la Mandla likigoma kuwaka, ni mimi. Na kwenda kumfuata kaka yao hakuna aliyekwenda, kila mmoja ana udhuru. Nikasema potelea mbali, nitakwenda mwenyewe, maana ninaye Renate.

Renate unamjua. Ni yule mwalimu wa Kijerumani aliyefundisha kwenye shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini, akina Baba Neema, pale Morogoro, aliyekuwa anakuja kwetu kununua mchicha na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Sasa ni bibi, anatembelea mkongojo, lakini Kiswahili chake kipo palepale. Alinipokea uwanja wa ndege akasema, "Mama Neema, pole kwa msiba, pole kwa safari, na pole kwa baridi." Nikaangua kilio mbele za watu. Miaka yote hii Johannesburg, sijawahi kupewa pole tatu kwa mpigo.

Kabla ya kwenda hospitalini, wakati bado naruhusiwa kusema na watu, nilimwomba anitembeze niuone huo mji uliomchukua mume wangu. Akanitembeza kweli, kwa tramu na kwa miguu, mkongojo wake ukigonga mawe mbele yangu. Mji mkubwa, Dada, lakini hauna kelele. Watu wanasimama kwenye taa za barabarani, zile huku kwetu tunaziita robot, gari halionekani hata moja, nao wamesimama tu wanangoja taa. Nikacheka kwa uchungu. Baba Neema alikuwa anafanya hivyohivyo Johannesburg, barabara tupu, wenzake nyuma wanampigia honi na matusi, naye ametulia. Nilidhani ni uzee. Kumbe alikuwa bado yuko Berlin.

Chuo chao cha uchapaji sasa ni hoteli. Renate alinionyesha dirisha la bweni la Baba Neema, kisha akanipeleka kwenye benchi kando ya mto.

"Hapa walikuwa wanaimba Jumapili," akasema. "Yeye sauti ya chini kabisa. Watu walikuwa wanasimama kusikiliza."

"Nani alikuwa anaimba?"

"Mume wako."

Dada, nimeishi na yule mtu miaka mingi. Sikuwahi kumsikia akiimba, hata bafuni. Mwanamume wangu mimi alikuwa anakaa kwenye kochi akitazama taarifa ya habari, ukimwuliza chai au kahawa anajibu, "Yoyote." Kumbe kicheko chake, nyimbo zake, hadithi zake, vyote alivimalizia huku, mimi nikaletewa makombo. Nilitamani Renate aniambie kulikuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua pa kumshika. Mji utaushika wapi?

Ndipo Renate akaniinamia, akanishika mkono.

"Felista, alinikataza nisikuambie, lakini siwezi kukuacha uende pale bila kujua. Siku za mwisho, nilipokuwa namtembelea hospitalini, alisema, 'Renate, nizikwe hapahapa. Afrika Kusini nilirudi, lakini sikufika.' Nikanyamaza kwa sababu ndugu zake walikuwa wameshataka mwili. Sasa nakuomba, mwache. Amepumzika."

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi nitapumzika wapi?"

Akauokota mkongojo wake. Kama simchukui, nabaki na nyeusi mpaka kufa kwangu, na Morogoro naisikia kwenye simu tu.

Kesho yake tukaenda. Kitanda kile kilikuwa na babu mwingine, Mjerumani mwembamba. Renate akamweleza, naye akakubali kwa kutikisa kichwa. Neema alikuwa amenikaririsha maneno ya Kizulu, maneno matamu ya kumbembeleza kwa jina la ukoo wao: Mvelase, tumekuja kukuchukua, wenzako wanakungoja. Nikaligusisha tawi kwenye chuma cha kitanda, nikafungua kinywa, Kizulu chote kikayeyuka. Kikanitoka Kiswahili cha kwetu, tena cha ugomvi.

"Baba Neema, inuka twende! Unataka kubaki unapopapenda? Mimi je, sikutaka kubaki kwetu? Uliniambia nchi yako imekuwa huru, nikakufuata na mimba tumboni, mama yangu mgonjwa kitandani. Dukani wakaniita kwerekwere, mgeni asiyejua kusema, wewe umesimama pembeni yangu, ukanyamaza. Nikalia, ukasema, 'Utazoea.' Mama akafa nami sina pasipoti, ukasema, 'Utazoea.' Haya, na wewe utazoea. Inuka!"

Yule babu alijivuta shuka mpaka kidevuni. Renate aliangalia sakafu. Nami nililifunga tawi kwenye khanga nikatoka, na tangu hapo sikusema na mtu mwingine.

Tulimkatia kiti chake kwenye ndege, ndivyo mila inavyotaka. Neema alikuwa amenitengenezea kadi ya kumweleza kila mtu kwamba mama huyu haongei, amembeba marehemu. Mhudumu akaisoma, kisha akalionyesha tawi sinia la chakula kwa heshima zote, kuku au samaki. Nikaligeukia nikalieleza, "Baba Neema, unaulizwa kuku au samaki." Nilijua jibu lake. Nikamchukulia kuku.

Mandla alitupokea na gari. Nikamsimulia mume wangu barabara yote mpaka makaburini: hapa ni robot, nyekundu, tunangoja, hapa ni ile spaza ya yule Mrundi, duka ulilokuwa unanunua magazeti. Tulipolilaza tawi juu ya kaburi, Mandla alilia kama mtoto.

"Eish, makoti," akasema, naye kuniita bi harusi wao alikuwa hajaniita tangu niingie nchi hii. "Nilikudhania vibaya. Umetuletea kaka. Vua nguo hizo. Ukitaka kwenu, nenda, hakuna wa kukuzuia."

Wakachinja mbuzi, wakachoma nguo zangu nyeusi, wakala, wakaondoka. Nilivaa lile gauni la buluu alilonishonea mpwa wangu. Nikasema sasa Mungu amenikumbuka, naanza kufunga mizigo.

Halafu, Dada, tangu siku ile hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga tena makaburini. Nakwenda mimi peke yangu, nakaa pale nasema Kiswahili, kwa sababu katika hii nchi nzima hana mwingine wa kumsemesha. Mandla hajui hata kwamba kaka yake aliwahi kuimba. Nilimtoa kwa hasira mahali alipokuwa na furaha, nikamleta hapa kwa sababu mimi nilitaka kuondoka. Nimeondolewa kamba, na miguu haiendi. Nina hasira naye, nina hasira nao, na zaidi ya wote nina hasira na mimi, lakini kumwacha nimeshindwa. Nisamehe. Siji.

Nisalimie baba mdogo, mwambie katekista mzima haruhusiwi kukohoa vile bila kwenda hospitali. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na mpwa wangu fundi cherehani. Gauni nimeambiwa linanipendeza. Shangazi umsomee barua hii, ila pale nilipogombana na maiti uparuke.

Na kile chumba cha uani ulichosema umenipigia chokaa, mpangishe mtu kabla ya mvua. Nyumba isiyolaliwa huharibika haraka.

Ni mimi mdogo wako, mikono yangu yote miwili,
Felista