Mkono wa Kulia, Mkono wa Kushoto

Jumanne, 3 Oktoba

Barazani kwa Bwana Salehe, mbele ya duka lake, tangu asubuhi. Nimecheza bao mara nne, nimeshinda mara nne. Wa mwisho seremala wa reli, mjuaji, mdomo haufungi. Nilipoila nyumba yake, lile shimo kuu la kuwekea kete, akanyamaza kimya. Raha iliyoje.

Upepo mbaya. Vumbi limejaa kwenye mashimo ya bao, kila tukimaliza tunapuliza.

Jioni ugali wa uwele na mlenda. Zuhura akaosha vyombo, akashusha pazia, akaleta bao letu la ndani. Kanifunga mara mbili. Mara ya pili hata sikuona nilikofia. Alicheka mpaka akaziba mdomo jirani asisikie. Kisha akarudisha kete zote mahali pake, kwa kichwa tu, akanionyesha kosa.

"Unaipenda mno nyumba yako, bwana. Unaijaza kete halafu unaiatamia kama kuku. Mwenzio anakuja kuzoa zote."

Mwaka wa nne huu ananiambia neno hilo hilo.

Alhamisi, 5 Oktoba

Habari kubwa. Baruti, bingwa wa Kilimatinde, anakuja kucheza na mimi Jumamosi ya tarehe 28. Bwana Salehe amefurahi kama anaoza binti. Kazi yangu kwake ni moja tu: kukaa barazani nicheze, wasafiri wanaoshuka stesheni wasimame, wakisimama wanunue. Chakula changu kwake, kanzu yangu kwake, nyumba ninayolala yake. Amenieleza bila kupindapinda: nikishindwa, atamweka Baruti mahali pangu.

Sikushtuka. Ninaye Zuhura.

Niandike hapa, maana hakuna mwingine ajuaye. Nilipomuoa nilikuwa mchezaji wa kawaida, wa kufungwa na kufunga. Baba yake, marehemu mzee Feruzi wa Mpwapwa, wapagazi wa misafara walikuwa wanaongeza mwendo ili wafike kwake mapema wamwone akicheza. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Ujuzi wake akampa binti, ndani, mlango umefungwa. Mwanamke hakai barazani kucheza bao. Basi ujuzi ule ukakaa ndani mpaka nilipokuja mimi. Kila ninachokifanya barazani mchana, nimefanyiwa mimi kwanza usiku uliotangulia.

Ijumaa, 6 Oktoba

Baada ya sala alikuja nyumbani Mwalimu Rajabu wa shule ya serikali. Huyu huandika habari za huku kwenye gazeti la pwani. Ametaka kuandika habari zangu. Fundi wa bao wa Dodoma! Nilikaa wima kama mtu anayepigwa picha.

Zuhura alileta kahawa, akarudi nyuma ya pazia.

Mwalimu aliuliza vizuri. Nilianza lini. Nilishindwa wapi vibaya. Nimeuongezaje mchezo wangu. Nilimjibu kweli tupu. Nilimwambia kwamba zamani mchunga punda mmoja alinifunga mara tatu kwa siku moja, nikaenda kulia nyuma ya zizi. Nilimwambia ugonjwa wangu, kwamba nina uchu wa nyumba, sijui kuiachia. Akasema wachezaji wakubwa hawakubali kusema mambo hayo. Nikavimba kichwa.

Mwisho akauliza, "Na fundi wako ni nani?"

Kwetu swali hili ni kama kuulizwa baba yako. Mtu aliyejifunza kushona, kujenga, kucheza bao, humtaja fundi wake. Na siku anapohitimu humpa kilemba, kitambaa kizuri, mbele ya watu, wajue mkono huu umetoka wapi. Mimi sikumpa Zuhura kilemba. Ningempaje mbele za watu?

Alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Niliona ukingo wa kanga yake chini ya pazia. Nikawafikiria wale wa barazani na vicheko vyao. Nikasema, "Sina fundi. Najifunza peke yangu. Alfajiri, watu hawajaamka, mkono wangu wa kulia unacheza na mkono wa kushoto."

Mwalimu alipenda sana. Akaandika, akapiga mstari chini yake.

Ukingo wa kanga ukaondoka.

Jioni chakula kililetwa. Bao halikuletwa. Nikauliza. Akasema, "Cheza na mkono wako wa kushoto, bwana." Bila hasira. Heri angenitukana.

Mwongo mimi. Mwongo na mwoga.

Jumapili, 8 Oktoba

Hajacheza. Hajanuna pia. Anapika, anafua kanzu yangu, ananiuliza kama nimeshiba. Hilo ndilo linalonichoma.

Jumatatu, 16 Oktoba

Siku kumi sasa. Nimeamka alfajiri nikautimiza uongo wangu. Kulia na kushoto. Upuuzi mtupu. Mkono wa kushoto unajua kila siri ya wa kulia. Hakuna anayeshtuka, hakuna anayekasirika, hakuna anayekucheka. Nimecheza mpaka jua limetoka na sikujifunza hata chembe.

Zuhura alipita na mtungi akielekea visimani. Aliangalia bao mara moja. Najua aliona kosa. Alikunja midomo, akapita.

Barazani seremala wa reli amenifunga. Yule yule! Ameimba kutwa nzima. Chai yangu ya kwa Bwana Salehe leo haikuja na mkate.

Jumatano, 25 Oktoba

Gazeti limekuja kwa gari la moshi. Mwalimu amelisoma kwa sauti barazani, watu wamejaa mpaka barabarani, mpaka Wagogo waliokuwa wanapitisha ng'ombe kwenda Kikuyu, hapa jirani, wakasimama na fimbo zao wakitafsiriwa. "Fundi asiye na fundi." Ndivyo alivyoandika. Watu wameshangilia. Sasa kila anayenisalimu ananionyesha mikono miwili juu.

Nilimvuta Mwalimu pembeni nikamwomba aandike jingine, arekebishe. Akauliza arekebishe nini. Nikasema, basi, si kitu.

Nilikuwa na nafasi ya pili, nayo nimeila mwenyewe.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nimemwomba Zuhura radhi. Nimemwambia aseme anachotaka, nitampa. Alikuwa anapeta uwele, hakuacha kupeta.

"Sitaki kitu. Baba amekufa ana jina lake. Nilidhani na mimi nitagawiwa kidogo."

Nikaapa kwamba Jumamosi nikimshinda Baruti nitasimama nimtaje mbele ya wote. Akaniangalia kwa mara ya kwanza wiki tatu hizi.

"Kwa nini usubiri ushinde?"

Nikasema nikimtaja kabla watanicheka, kichwa kitaharibika, nitashindwa. Akarudi kwenye ungo wake. Lakini baadaye alileta bao. Tumecheza mara moja. Hakunionea huruma, na hakucheka. Alinionyesha jambo moja tu: nikila na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani, nisilale pale. Nisafiri. Nizisambaze zote hata kama roho inauma.

Jumamosi, 28 Oktoba

Nimeshindwa. Niandike yote.

Baruti ni mtu mfupi, mpole, macho yanamtoka machozi kwa vumbi la kwetu. Tulikubaliana michezo mitatu. Kabla hajagusa kete alimtaja fundi wake, mzee wa Tabora aliyekwisha kufa, akamwombea rehema. Kisha akanigeukia, kwa adabu, na mimi nimtaje wangu.

Nafasi ilikuwa pale. Watu wote wananitazama. Neno moja tu.

Niliinua mikono miwili. Watu wakapiga makofi.

Mchezo wa kwanza nilimfunga. Nilicheza kama nilivyofunzwa, mwepesi, nikitoa nilichonacho. Wa pili akanifunga. Wa tatu ulikwenda mpaka jua likapiga kwenye miguu yetu. Nyumba yangu ilikuwa imejaa, kete kumi na saba. Nikala, nikapanda, kete ya mwisho ikaangukia nyumbani. Kusafiri au kulala. Nilijua la kufanya. Wallahi nilijua. Nilizitazama zile kete, nzuri, nyingi, zangu. Nikalala.

Baruti hakupoteza muda. Alizizoa zote kumi na saba.

Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi. Watu walipoanza kuondoka nikasimama. Nikasema kwa nguvu, "Ninaye fundi! Fundi wangu ni mke wangu, Zuhura binti Feruzi. Yeye ndiye aliyenifunza." Nilijiona shujaa. Nilijiona nimelipa.

Kicheko, loo, kicheko cha kuvunja ukuta. "Ndiyo maana!" seremala alipiga kelele. "Kafunzwa jikoni, anacheza kama anasonga ugali!" Wengine wakanionea huruma, wakasema mwanamke ameniharibia mkono. Niliwaambia sivyo. Nilivyozidi kusema ndivyo walivyozidi kucheka.

Baruti peke yake hakucheka. Alikuwa anahesabu kete arudishe kwenye mfuko, akasimamisha mkono.

Jumapili, 29 Oktoba

Zuhura amerudi visimani. Akautua mtungi taratibu. Wanawake wamemwamkia, "Shikamoo, fundi," mstari mzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka wasichana wadogo. Wamemuuliza kama mapishi yake nayo yanashindwa namna hiyo.

Hakulia. Alisimama mlangoni akaniambia:

"Ulipokuwa unashinda, sikuwa fundi. Leo umeshindwa, ndiyo fundi ni mimi."

Nimekaa tangu mchana nikiyarudia maneno yake.

Ningemtaja Ijumaa ile, mbele ya kalamu ya Mwalimu, nikiwa juu, wangecheka siku mbili kisha wangeuliza, huyu mwanamke ni nani basi? Jina lingekuwa lake. Mimi nilisubiri mpaka sina ushindi wa kumpa, nikampa aibu yangu aibebe.

Alhamisi, 2 Novemba

Baruti anakaa kwenye mkeka wangu. Bwana Salehe amenipa mpaka mwisho wa mwezi nihame. Hakuwa mkali. Alisema mchezo ni biashara yake, si udugu.

Nimepata kazi stesheni, kupakia ngozi na magunia ya karanga. Mabega yamechubuka. Wenzangu wananiita Mikono Miwili. Basi.

Jumatatu, 6 Novemba

Bao la ndani liko juu ya sanduku, limefunikwa kawa. Sijaligusa. Naye hajaligusa. Tunalizunguka kama maiti.

Jumapili, 12 Novemba

Nimenunua kilemba. Kitambaa cheupe, chenye taraza nyekundu pembeni. Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuwaalika watu, waje waone nikimpa fundi wangu haki yake. Mwalimu Rajabu alisema ana kazi. Bwana Salehe alicheka kwa upole, akanipa pole. Seremala sikumwita.

Amekuja mtu mmoja. Baruti.

Nilikitandaza kitambaa juu ya bao, nikasema maneno yanayosemwa: mkono huu umetoka kwa huyu, nilichojua alikijua kwanza. Zuhura alikuwa nyuma ya pazia. Hakutoka.

Baruti akapiga magoti karibu na pazia, akaamkia. Akasema, "Mama, mchezo wa kwanza nilifungwa na wewe. Wa tatu nilimfunga huyu."

Nikafikiri amekwenda uani. Kisha sauti yake, ndogo, "Mkaribishe kahawa mgeni, bwana."

Baruti alikunywa vikombe viwili akaenda. Kitambaa kilibaki pale juu ya bao. Mimi nilitoka nje nikalia, na safari hii hakuna zizi la kujifichia.

Ijumaa, 17 Novemba

Tumehamia upande wa Ipagala, chumba kimoja, tembe ya udongo, paa lake fupi mpaka ninainama. Upepo hapa unapita moja kwa moja. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Chamwino lakini hakuna kitu.

Nimerudi stesheni jua likizama. Kabla sijafika mlangoni nikasikia kete. Sauti ile naijua hata usingizini. Nikatega sikio nisikie anacheza na nani. Hakuna sauti ya mtu mwingine.

Nikachungulia. Kilemba amekikata. Ameshona mfuko wa kete, na taraza nyekundu ameiweka kwenye mdomo wa mfuko. Amekaa juu ya mkeka peke yake, bao mbele yake. Mkono wa kulia ukacheza. Akangoja kidogo. Mkono wa kushoto ukajibu.

Sikuingia. Nimekaa nje, mgongo ukutani, nikihesabu kwa masikio. Aliyekuwa kushoto alikula, akafika nyumbani, akasafiri. Hakusita.

Baadaye kete zikaingia mfukoni. Akaniita chakula. Nikala. Sikumuuliza ni mkono upi umeshinda.