Mkono Ulio Begani mwa Gasper

Mwaka mmoja umetimia, Gasper Maregesi, tangu asubuhi ile ulipoomba chai ya tangawizi, tukakuletea, ikapoa kando ya kitanda. Sisi familia yako ya hapa Bukima hatujazoea kutokuwepo kwako. Anayeandika ni binti yetu Flora; anayesema ni mimi mkeo, Marcelina. Flora ameniambia nitumie "sisi", kwa sababu tangazo ni la familia nzima. Nitajaribu.

Tunakumbuka upole wako. Hukuwahi kupita mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ukarudi bila kuwagawa njiani, na siku nyingine ulifika nyumbani na kapu tupu na salamu za watu wanne. Wiki nzima ulikuwa fundi wa kushona nyavu, Jumamosi ulikuwa mwimbaji wa dansi kule Musoma mjini. Kabla ya kuimba ulinyoa ndevu. Hata ulipoanza kwenda kurekodi, mahali ambapo hakuna hadhira ya kukuona, ulinyoa ndevu.

Na hapo kwenye kurekodi ndipo hiyo "sisi" inaponishinda.

Wasomaji watakaotazama picha yako hapo juu wataona mkono begani mwako, wenye saa ndogo ya kike. Si wangu. Mimi saa sivai. Ni mkono wa Yunis, mwalimu mstaafu wa Butiama, uliyerekodi naye nyimbo kumi na mbili za zamani, zile ambazo kila mtu wa rika letu anaweza kuziimba akiwa usingizini. Picha yako nzuri ni moja tu, ya kwenye jalada la CD, na humo mmesimama wawili. Nilichukua mkasi wa Flora nikamkata. Nilikata taratibu, nikifuata ukingo wa shati lako. Yunis akaanguka sakafuni, mkono ukabaki.

Niseme wazi mbele za watu: nilikuwa na wivu, na bado ninao. Miezi minne ulikuwa ukienda Kabasa, pale Bunda, ambako kijana mmoja, Baltazari, ana studio nyuma ya duka la kutengeneza redio. Mimi nilibaki barazani nachambua dagaa, nikiwaona akilini mmesimama mbele ya kipaza sauti kimoja, nyuso zikikaribiana. Majirani hawakunisaidia. "Mama Flora, mzee kapata mwenzake," walisema, na kucheka. CD ilipotoka ikawa inapigwa kwenye kila harusi, kuanzia hapa hadi Suguti. Ikifika zamu yenu, mimi natoka kwenda jikoni kuusonga ugali ulioiva zamani.

Kibaya zaidi, Gasper, nyimbo ni nzuri. Ningepata kasoro ningelala. Tulizizoea zikiimbwa na mwanamume mmoja anayelalamika peke yake, ninyi mkazigawa. Ule wa mume anayegonga mlango mvua ikimnyeshea: miaka yote mwanamke wa ndani hakuwa na neno. Wewe ukampa ubeti wake. Yunis anajibu kwa sauti ya chini, bila haraka, kama mtu ambaye ameshalikunja blanketi na hataki kulikunjua tena. Nawe huingii mpaka amemaliza kabisa. Unachelewa kidogo, kama unayemngoja ameze mate. Hakuna anayemfunika mwenzake. Wengi wanaoimba wawili siku hizi ni mashindano ya kupiga kelele, lakini ninyi mlisikilizana. Mtu hawezi kuimba hivyo bila kumsikiliza mtu fulani kwa moyo wote. Hapo ndipo roho iliponiuma.

Mwezi huu mdogo wako Bernado alikuja tupange Misa na tangazo hili. Akasema, "Shemeji, jina la Mwalimu Yunis liwemo. Watu wanamjuaga."

"Ni ndugu wa nani?"

"Si ndugu, lakini kaimba na kaka."

"Kuimba si undugu, Bernado. Hata majogoo ya hapa yanaimbaga mawili mawili, na hatuyaandiki gazetini."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia jina hilo halitaingia mimi nikiwa hai, na kesho yake nikamchukua Flora tukaenda Kabasa, ili Baltazari, mwenye picha ile kwenye kompyuta yake, auondoe na ule mkono.

Baltazari aliitazama picha, akanitazama. "Mama, mkono naufuta, ni dakika mbili tu. Lakini kaa kwanza. Kuna kitu cha mzee nilikuwaga nakitunza, sikujua nimpe nani." Akanivalisha yale makubwa ya kusikilizia, ya masikioni.

Nikakusikia wewe, unagonga mlango. Kisha mwanamke akajibu, kwa mbali, na nyuma yake dagaa wakimwagwa kwenye ungo, na kuku mmoja akilia. Kuku yule namjua. Baraza ile naijua. Mwanamke alikuwa mimi.

Nikakumbuka. Ulikuwa ukiiweka simu juu ya ndoo iliyofunikwa, unasema, "Mama Flora, hebu imba upande wa mwanamke, nishike njia." Naimba huku nachambua, hata sikutazami. Nilidhani unafanya mazoezi.

"Mzee alikuwaga hawezi kuimba bila hiyo sauti yako masikioni," Baltazari akasema. "Siku zake na za mwalimu zilikuwa hazikutani, mwalimu ana kwaya yake kule. Kwa hiyo mzee anakuja, anaimba na wewe. Akiondoka mimi nakutoa, mwalimu naye anakuja siku yake anaingia pale ulipokuwa."

"Zote kumi na mbili?"

Baltazari ni mkweli, Mungu ambariki na amsamehe. "Kumi, mama. Mbili za mwisho waliimba pamoja, hapa hapa."

Sikumwuliza ni zipi. Ni zile mbili zilizo bora kuliko zote. Nilizijua siku ya kwanza CD ilipoingia nyumbani.

Sasa niseme lile ambalo hata Flora halijui. Anaandika huku ananitazama. Kabla ya Yunis, uliniomba mimi. Ulikuwa na wavu magotini, ukasema, "Twende Kabasa wote wawili. Tuimbe sisi." Nami nilikuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya, ninayesoma somo la kwanza Jumapili. Nikakujibu mbele ya wageni, "Mimi nikaimbe mapenzi ya baa, halafu nisimame altareni?" Wageni wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Hakuna padri aliyenikataza, wala katekista. Nilijikataza mwenyewe na nikajiona nimeshinda. Uliendelea kufunga fundo lako. Baada ya wiki tatu nikasikia jina la Yunis.

Majuto ni mjukuu, husema wahenga, na mimi huyu mjukuu nimemlea mwenyewe. Kumbe kiti nilichomwonea mwenzangu wivu nilipewa mimi kwanza, nikakisukuma kwa mguu. Na sasa naona wivu mpya, wa kuchekesha: namwonea wivu yule mwanamke wa barazani. Alikuwa masikioni mwako kila ulipokwenda Kabasa, na hakujua, na hakuwahi hata kuinua macho kutoka kwenye ungo wake akakutazama unavyoimba.

Mbona hukuniambia? Flora anasema, "Baba alikujua, mama. Angekwambia ungeacha hata kuimba." Ni kweli. Ningechambua dagaa kimya mpaka leo.

Baltazari aliuliza, "Basi, nifute?" Nikamwambia asubiri. Tulipofika nyumbani nilimwomba Flora namba ya Yunis, nikampigia. Sikujua nitamwambia nini. Nilikusudia kumuuliza kuhusu zile nyimbo mbili, ilikuwaje, ulisimama wapi, kama ulikuwa umenyoa. Hakunipa nafasi.

"Shikamoo, Mama Flora," akasema, ingawa ni mkubwa kwangu. Nikaona aibu, nikamwamkia mimi. Akaendelea, "Nafurahi umenipigia. Kuna jambo nilikuwaga naogopa kulisema msibani. Nilipokuwa narekodi, wananiwekea sauti ya mzee nimfuate. Ndani ya sauti yake, kwa mbali sana, kama imevuja kutoka masikioni mwake, kulikuwa na mwanamke mwingine anaimba. Mzee anamngoja huyo. Mimi nikaingia zangu pale anapoanza huyo. Hata siku tulipoimba wote, nilimwona anafumba macho, nikajua hayuko na mimi."

Nikaibana simu sikioni.

"Nimefundisha kwaya miaka thelathini," akasema, "na sijawahi kumwonea mtu wivu kama yule. Alikuwa nani, Mama Flora? Unamjua?"

Nilimwambia salio linakwisha, nikakata simu. Nilikaa barazani mpaka chai ikapoa, kama yako. Sikumjibu siku ile, na hajapata jibu mpaka leo. Atalisoma hapa: Mwalimu, ni mimi. Yule kuku naye tulishamla.

Picha basi tunaiacha ilivyo, mkono na saa yake. Baltazari alitaka kumrudisha Yunis mzima mzima. Nikamwambia asinizidishie, mkono unatosha.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye kigango chetu cha Bukima, kisha tutakwenda kaburini na kurudi nyumbani kula. Kabla ya chakula patapigwa nyimbo zako. Ule wa mlango hautapigwa. Baltazari ataleta sauti yako peke yake, na upande wa mwanamke nitauimba mimi, mwenyekiti wa akina mama, mbele ya jumuiya nzima na padri akiwepo. Mwalimu Yunis nimemwekea kiti mbele. Kazi yake siku hiyo ni kusikiliza.

Unakumbukwa na mkeo Marcelina. Binti yako Flora na wanawe wote. Mdogo wako Bernado, ambaye ameshinda na asirudie kunikumbusha. Mafundi wenzako wa nyavu pale mwaloni. Baltazari wa Kabasa. Na Yunis wa Butiama, aliyekuja wa mwisho kwa sababu orodha ni yangu.

Pumzika, Gasper. Sisi tutakukumbuka siku zote. Na hiyo "sisi" nimeisema mwenyewe, Flora hakuniambia.