Kabla ya Sindano ya Usingizi

Wodi ya Wanawake,
Jumanne mchana.

Dada yangu mpendwa Kornelia,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta salama, wewe na shemeji Isidori na watoto, na kwamba mvua za huko Basotu hazijalaza ngano kama nilivyosikia. Mimi ni mzima wa kuandika. Wa kutembea, kidogo. Kutoka kitandani hadi chooni napumzika mara mbili, na miguu imevimba mpaka navaa kandambili za mume wangu Agustino. Usinicheke.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza. Wewe ni mwalimu, huwezi kumsikiliza mtu mpaka mwisho bila kumsahihisha. Barua nampa Yohanes, mume wa mgonjwa wa kitanda cha pili, anayerudi Katesh leo jioni. Amesema kesho atakuletea kwa pikipiki. Hajui kilichomo.

Habari kubwa ni kwamba keshokutwa, Alhamisi asubuhi, nashughulikiwa moyo. Daktari alinieleza kuwa mlango mmoja wa moyo umekakamaa na damu inapita kwa taabu. Watapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, halafu kipira kidogo kitajazwa ili mlango utanuke. Kifua hawakipasui. Nikamuuliza nisipofanyiwa itakuwaje, akasema hadhani nitavuna mahindi ya mwakani. Alisema kwa upole, kama kondakta anayekuambia basi limejaa.

Matayarisho yenyewe ni ya kuaibisha. Sista Saumu, muuguzi wetu, ameniambia nitanyolewa sehemu ambazo hata Agustino hazijui vizuri. Kesho usiku kuanzia saa sita sili wala sinywi, hata mate nimeze kwa adabu. Hereni nivue, na rozari ya mama nimwachie yeye. Hayo yote nimeyakubali. Kinachonikosesha raha ni dawa ya usingizi. Wanasema si usingizi wa kuzimia, ni wa kusinzia tu, nitakuwa nasikia watu kwa mbali. Wenzangu wodini wanaogopa kutoamka. Mimi naogopa hivyo hivyo, ila mimi nina sababu, na wewe unaijua.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la sita, ile sindano niliyochomwa zahanati ya kwetu Masieda. Ulimi ulijaa mdomo, uso ukawa mfuko, pumzi ikagoma. Ni wewe uliyemkimbilia mganga Gidabuday shambani kwake, akaja na matope miguuni kunichoma nyingine ya kunirudisha. Alimwambia mama kwamba mtoto huyu, popote atakapotibiwa, aanze kwa kusema kuwa kuna dawa inayotaka kumuua. Jina la dawa aliliandika kwenye cheti, na cheti panya walikila. Mpaka leo sijui ni ipi.

Sasa jana Sista Saumu alikuja na fomu, akauliza kama kuna dawa iliyowahi kunidhuru. Dada, nilisema hakuna. Hakuridhika na nilivyojibu, akafungua faili na kusoma. Akaniambia mama usiwe na hofu, wewe ni mzoefu, ulipasuliwa hapa hapa ulipojifungua, ukapewa dawa ya usingizi na dawa nyingine zote, na hukupata shida yoyote.

Mimi sijawahi kupasuliwa. Watoto wangu wote wanne nimezaa kawaida. Aliyepasuliwa hapa ni wewe, ulipokuwa chuo cha ualimu.

Ile kadi ya bima uliyoitafuta Krismasi mpaka ukagombana na shemeji, niliitoa mimi kwenye pochi yako, ulipokuwa jikoni ukigeuza makande. Ulipotengenezewa nyingine namba ikabaki ile ile, na hii ikaendelea kukubali. Sura zetu unazijua zinavyofanana. Nilipofika hapa nikasema naitwa Kornelia, wakatoa faili lako la zamani, na kwenye mkono wa kushoto nimefungwa utepe wenye jina lako. Agustino anadhani ulinipa mwenyewe. Sikukuomba kwa sababu ungekataa, na ungekuwa na haki, maana kazi yako ndiyo inayowalisha. Au ungekubali, tukawa wezi wawili. Nimekuibia, dada. Sina jina lingine la kuliita tendo hili.

Utauliza kwa nini nisiseme tu kwamba kuna dawa inanidhuru. Leo asubuhi nilijaribu. Nilimwita Sista Saumu, akaja akakaa, nikaona akianza kusoma faili tena kutafuta hiyo habari. Nikamwomba maji. Nikisema, wataniuliza hizo dawa za upasuaji wa kwenye faili zilinipitaje bila kunidhuru, na swali la pili litakuwa mimi ni nani. Nitarudishwa nyumbani nikafie Masieda, na wewe utaitwa kueleza kadi yako ilifikaje huku. Nikinyamaza, huenda dawa yao siyo ile. Nimechagua huenda. Tafadhali usipige simu wodini. Nakuomba kwa mama.

Naogopa sana, dada. Nasema tena ili ujue sikufanya kwa ujasiri.

Yakienda vizuri nitakuja Basotu mwenyewe nipige magoti mlangoni kwako, na shemeji awepo. Yasipoenda vizuri, kwenye fomu waliniuliza ndugu wa karibu. Nikaandika mdogo wa mgonjwa, Efrazia, na namba ya simu nikaweka yako. Watakupigia Alhamisi. Mtu atakuuliza kama wewe ndiye Efrazia, halafu atakupa pole na kukuambia kwamba dada yako Kornelia amefariki. Usikate simu ukadhani ni matapeli. Itikia, kisha uje unichukue, na msalabani waandike jina langu.

Nisalimie shemeji, watoto, na jirani yako Violeth, mwambie mbegu zake za maboga zimeota vizuri. Agustino anawasalimu, ingawa hajui naandika nini. Uniombee kwa jina langu la ubatizo.

Ni mimi mdogo wako,
Efrazia.