Kifua cha Tajeu

Kitengela, 2 Juni 2025

Yeyo mpendwa,

Takwenya, nakuamkia mama. Natumai wewe na mbuzi wako wakorofi mko salama. Mimi niko mzima, ila zamu mpya za kiwandani zinanimaliza, ndiyo maana mwanangu Tajeu yuko kwako. Simu yako bado imekufa, kwa hivyo nimempa Parsaoti muuza mbuzi barua hii.

Daktari wa mazoezi alisema mtindio wa ubongo umekaza hata misuli ya mbavu za Tajeu, makohozi yanakwama. Asubuhi na jioni mlaze ubavu juu ya taulo uliyoviringisha, inua mkono wake juu ya kichwa taratibu, hesabu hadi kumi, kisha mgeuze. Akitoa pumzi, bonyeza mbavu polepole kwa kiganja. Usiruke hata siku moja.

Binti yako,
Dinah

Kajiado, 9 Juni

Dinah wangu,

Iko, salamu yako nimeitikia. Tuko wazima, Mungu ni mwema. Hayo mazoezi yenu nimeyaacha. Nikimlaza kwa taulo anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na mimi sikulea watoto sita kwa kuwatesa. Nimemchinjia kondoo. Kila asubuhi namnywesha mafuta yake ya vuguvugu, kama nilivyokunywesha wewe. Kikohozi kimekwisha kabisa! Amenyamaza, analala tu. Chakula hataki, lakini mafuta yanamtosha.

Yeyo wako

Kitengela, 11 Juni

Yeyo,

Nisamehe, salamu baadaye. Kule kukohoa ndiko kulikokuwa kunamsaidia, makohozi yatoke. Tajeu hamezi kama sisi, mafuta yanamwingia mapafuni. Usimpe tena hata tone. Mkalishe wima, umpeleke hospitali leo hii. Msimamizi amekataa kuniachilia kabla ya Jumamosi. Naogopa, mama.

Dinah

Kajiado, 13 Juni

Dinah,

Parsaoti amefika sasa hivi. Siku mbili alikuwa akiuza mbuzi huko njiani, barua yako ikiwa mfukoni. Amekupigia mara tano, nadhani wamewafungia simu kazini, basi anarudi na hii.

Midomo ya Tajeu imekuwa ya kijivu, na mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi. Jirani anawasha pikipiki. Nimemfunga kifuani pangu, wima, ulivyosema. Nilishukuru Mungu kwa kile kimya, hata nikawaita akina mama wa kanisa tukaimba.

Daktari akiuliza nani alimpa mafuta, nitasema ni mimi, nyanya yake. Njoo upesi, mwanangu. Kunisamehe kutangoja.

Yeyo