Kisu cha Bibi Mwamini Hakikuua Mtu

«Kisu cha zamani ukikisafisha, umekiua.»

Maneno haya yamesemwa leo ndani ya nyumba yangu, na rafiki yangu, akiwa amekalia kiti changu, mbele ya Mzungu. Nitayajibu kwanza. Kuumia kutangoja.

Si kweli. Anayesema hivyo hajawahi kukaa na kisu kibovu mapajani mchana mzima. Chuma cha zamani kina weusi na kina kutu, navyo ni vitu viwili tofauti. Weusi ni umri: unakaa juu ya chuma kama ngozi na kukilinda. Kutu ni ugonjwa: unakula kuelekea ndani mpaka makali yanamomonyoka kama mkate mkavu. Mimi sijawahi kukwangua weusi. Nasugua kutu kwa majivu na ndimu, napaka mawese, nanoa polepole, na mpini uliooza nauchongea mwingine. Kisu kinarudi jikoni. Kisu kinachokata mboga ndicho kilicho hai. Kinachotundikwa ukutani kwa Mzungu ndicho maiti.

Sasa niandike siku yenyewe.

Ni Jumapili. Mvua ya alfajiri imekatika na mji wetu wa Kasongo wote unanuka udongo. Mafundi wengine wamefunga, mimi nimefungua, kwa kuwa nikikaa bure nitavunja kitu. Wanaonisoma kila juma kwenye mlango wa duka langu la kushona wanajua kwamba nilianza kurasa hizi kwa ajili yangu peke yangu, na kwamba nilianza kuzibandika siku nilipochoka kunung'unika peke yangu. Leo nilitaka kuandika habari za panga moja la Nyangwe nililolipata limevunjika ncha. Panga litangoja.

Bibi yangu Mwamini aliletwa hapa akiwa na kamba shingoni. Alitoka upande wa Wamaza, msichana ambaye hata matiti hayajaota. Siku zote nimeandika wazi kwamba babu zetu wa mji huu waliuza watu, na wapo walioninunia misikitini kwa sababu hiyo. Waendelee kununa. Miaka mingi baadaye kaka yake alimfuata kwa miguu. Alikuta dada yake ni mke wa mtu, ana watoto, anaswali. Hakuweza kumrudisha. Alikuwa mhunzi, basi akawasha moto nyuma ya nyumba, akamfulia kisu cha jikoni, akaenda zake. Bibi alikimenyea mihogo mpaka alipokufa.

Mimi nilikikuta kimezikwa kutu ndani ya kapu la mama yangu. Ndicho kisu cha kwanza nilichokifufua, na ndicho kilichonitia ugonjwa huu wa visu. Mpini nimeuchonga kwa mpera wa uani. Misumari miwili ya shaba. Wa tatu sikuwa na shaba tena, nikapiga kipande cha sindano ya cherehani iliyonivunjikia.

Mtaani kwetu hakuna akika bila kisu hicho. Mtoto akinyolewa nywele, mbuzi huchinjwa kwa kisu cha Bibi Mwamini, kwa kuwa kilifuliwa kwa mapenzi ya ndugu. Mwenye shughuli anakuja kukiomba, na akimaliza anakirudisha kimefungwa katika jani la mgomba pamoja na kipande cha ini. Hakuna anayekumbuka nani aliianza desturi hiyo. Wote tunaijua.

Saidi, rafiki yangu huyo wa leo, alikuja kukiomba kwa akika ya mjukuu wake. Mimi pia ni Saidi. Tangu utoto tunaitana «majina», kama wenye jina moja wanavyoitana hapa kwetu. Tumetahiriwa siku moja. Nilimpa bila hata kukifunga.

Ini lilifika. Kisu hakikufika.

Ningemuuliza vipi? Kumwuliza mtu aliyekwisha kukuletea ini ni kumwita mwizi. Nililila, nikamsifu mbuzi wake, nikangoja. Nilijiambia amesahau. Nilijiambia mke wake amekiweka mahali. Mimi, ninayegombana na makarani, mapadri na mashehe, niliogopa kumwuliza jirani swali moja.

Leo amekuja mwenyewe, ameongozana na yule Mzungu wa machimbo ya Kabambare tunayemwita Bwana Miwani. Bwana Miwani anakusanya vitu vya kale, na safari hii anarudi kwao Ulaya moja kwa moja. Akafungua kitambaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo, taratibu, kama anafunua mtoto mchanga.

«Mushonaji, kisu hii ya vita ya Barabu. Ilikata batu ngapi?»

Kilikuwa kisu cha Bibi, kimevimba kutu nyekundu. Mpini umepakwa masizi na mafuta. Kwenye shingo ya chuma, chembe za chumvi zilikuwa bado zinaonekana. Saidi amekizika katika udongo mbichi na chumvi, kama mtu anavyohifadhi nyama. Kazi yangu ya siku ngapi sijui, ameirudisha nyuma kwa makusudi.

«Majina,» Saidi akaniambia kwa sauti laini, «mueleze Bwana. Weye mutu wa vitabu, atakusadiki.»

Kumbe ndiyo sababu ya kuja. Hakutosheka kukichukua amwuzie Mzungu. Alitaka nikitolee ushahidi.

Nilikigeuza. Chini ya masizi, msumari wa tatu ulimeta.

«Bwana,» nikasema, «msumari huu ni kipande cha sindano ya cherehani yangu. Kisu hiki kilikata mihogo.»

Mke wangu, Mama Zaina, alikuwa mlangoni na ungo wake. «Ee! Basi hao Waarabu walipigana vita huku wanashona kanzu?»

Hata Bwana Miwani alitaka kucheka. Lakini hakucheka, kwa kuwa Saidi alisema haraka, «Mupini ni mupya, Bwana. Chuma ndiyo ya zamani. Chuma iko na damu ya watumwa.»

Watumwa! Anaijua hadithi ya Bibi. Aliisikia kwa mama yangu, tumekaa mkeka mmoja, tunakula sahani moja. Alichukua zawadi aliyopewa mtumwa na ndugu yake, akaigeuza kuwa kisu cha waliomfunga.

Mama Zaina alikwisha kunielewa; aliniwekea ndimu na majivu mezani. Nikasugua. Kutu ya uongo haina mizizi, ikaachia mara moja, na weusi wa chuma cha kaka yake Bibi ukaonekana chini yake, mzima.

«Acha! Weye naharibu!» Bwana Miwani alininyang'anya kisu kama mtu anayeokoa mtoto kisimani.

Hapo ndipo Saidi alipokaa kwenye kiti changu, akapumua, akasema yale niliyoanza nayo. Kisu cha zamani ukikisafisha, umekiua. Bwana Miwani akaitikia kwa kichwa. Mbele yake nilikuwa na ukweli, ndimu na sindano, na bado mwongo alikuwa mimi. Anataka kisu kilichoua. Ukimpa kilicholisha watoto, unamharibia safari.

Walipoondoka nilikwenda barazani kwa Mzee Kasimu, ambaye wajukuu wake wote wamechinjiwa kwa kisu hicho. Barazani kulikuwa na watu. Nilieleza. Wakatazama kahawa zao.

«Baba Zaina,» akasema Mzee Kasimu, «kisu ni chuma tu. Utagombana na Mzungu juu ya chuma?»

«Na jina lako, mzee, ni pumzi tu. Nikuite mbwa?»

Wakacheka. Kisha mmoja akasema Saidi ana wajukuu wengi, tusimwaibishe. Mwingine akasema Bwana Miwani huwapa watu nafasi katika lori lake. Nikajua kwa nini kahawa ilikuwa tamu kuitazama.

Nakiri hapa: kisu chenyewe kinaniuma kidogo tu. Kilichonichoma ni ile sauti laini. «Majina, mueleze Bwana.» Alikuwa na hakika kwamba nitadanganya kwa ajili yake. Labda anajua urafiki wetu kuliko ninavyoujua mimi. Na kwa dakika moja, kabla msumari haujameta, nilitafuta kweli uongo wa kumsaidia.

Imetosha. Lori la Bwana Miwani linapakiwa kesho asubuhi mbele ya boma, na kikishapanda hapo, Bibi Mwamini ataitwa muuaji katika nchi ambayo hakuna wa kumtetea.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaosimama sasa hivi mbele ya mlango huu, na aliye na macho amsomee asiyejua kusoma. Mzee Kasimu. Mama Asha, ambaye mapacha wako walinyolewa siku ya mvua ya mawe. Ninyi wote mliokaa barazani leo. Mlikula nyama ya kisu hiki. Kesho kabla ya lori kuwashwa, nendeni mbele ya boma, na kila mtu amwambie Bwana Miwani kwa kinywa chake alikula nini na ilikuwa akika ya nani. Mimi nitakuwa hapo, lakini mimi hanisadiki. Wengi atawasadiki, au angalau ataona haya.

Nawe, majina. Najua unasoma, na najua unasoma ukiwa umesimama upande, watu wasikuone. Kama kisu kile ni cha kuua watu, basi mjukuu wako alichinjiwa kwa kisu cha kuua watu, na umwambie hivyo mama yake. Kama sicho, mwambie Mzungu.

Ini lako nimekwisha kulila. Lete kisu.